Usingizi wa Popo

Kule kwenye kiwanda cha mikate walimwita Popo, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuoka usiku. Aliingia zamu wakati watu wengine wanapakua chakula cha jioni, akakanda, akakata madonge, akayapanga kwenye trei, akasukuma tanurini, na jua lilipochomoza yeye alikuwa anavua aproni na kujipangusa unga kwenye nyusi. Mwenyewe wala hakulichukia jina. Alisema popo ni kiumbe mwenye akili zake, anafanya kazi wakati hakuna joto, hakuna foleni, na hakuna wa kumwuliza maswali.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika duka lenye vyerehani vingi na feni moja, na yeye alikuwa mtu wa mchana kwelikweli. Kwa hiyo ndoa yao iliishi mlangoni. Asubuhi Popo alipofika nyumbani alimkuta mkewe keshavaa viatu, mkoba begani, ufunguo mkononi. Mke anatoka, mume anaingia. Anamtia ufunguo kiganjani, anamwambia chai iko kwenye chupa, wanaambiana mawili matatu, kisha mmoja huyo anakwenda kushona na mwingine huyo anakwenda kulala. Walimlea binti yao kwa mtindo huo mpaka akakua, akapata kazi yake mbali na nyumbani. Binti alipenda kuwatania kwamba wazazi wake hawajawahi kugombana kwa sababu hawajapata nafasi.

Hata usiku wa mapumziko haukusaidia kitu. Popo hakuweza kulala usiku, basi alikaa sebuleni na redio yake aliyoipunguza sauti mpaka inanong'ona, ili asimwamshe mwenzake. Alikuwa akimwonea wivu mke wake, wivu mtamu, kwamba kuna mtu hapa duniani akigusa mto tu anazama.

Na kulala mchana nako si mchezo, kwani jua halijui kama wewe umetoka zamu. Walipooana tu, Popo alileta magunia ya unga kutoka kazini, akataka kuyagongomelea misumari kwenye dirisha la chumbani. Mkewe alimzuia. Aliyapeleka kwenye cherehani, akayatia bitana nyeusi iliyobaki kwenye suti za watu, akayapindia kingo, akayashonea na tundu za kamba. Yalipofungwa dirishani, chumba kikawa giza totoro saa ya jua kali. Popo alilala siku ile usingizi wa pono, na alipoamka alimwambia mkewe kwamba hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kumshonea mtu usiku.

Sasa ikatokea kwamba mwokaji mmoja wa mchana alistaafu. Msimamizi wa kiwanda, bwana mfupi mwenye sauti ndefu, alimwita Popo akamwambia nafasi hiyo ni yake akiitaka. Aijaribu mpaka mwisho wa mwezi. Akiiweza, atabaki mchana moja kwa moja. Akishindwa, atarudi usiku, na nafasi atapewa mwingine aliyekuwa anaitolea macho siku nyingi.

Popo alikimbia nyumbani, na mtu wa umri wake akikimbia barabarani watu hugeuka kuangalia. Alimkuta mkewe mlangoni na ufunguo wake. Alipomweleza, mke aliketi kizingitini na mkoba wake begani, akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Walikuwa wanakwenda kuwa mke na mume wa kukutana mezani. Jioni iliyofuata alitandika shuka mpya, akapika kwa watu wawili wanaokula kwa wakati mmoja, na chakula kikawashinda kwa sababu walikuwa wanaongea.

Kisha wakaenda kulala, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mke aligeukia ukutani akatulia. Popo akabaki na macho makavu, anahesabu mbao za dari asizoziona. Hakupata hata lepe. Mwili wake wote ulikuwa unamwambia ni saa ya kukanda. Ilipokuwa bado giza alichoka kulala pasipo kulala, akanyata kwa ncha za vidole asimwamshe mkewe, akaenda kazini mapema akae na watu wa zamu yake ya zamani. Usiku wa pili hivyohivyo, na wa tatu, na wiki nzima.

Usingizi si mjinga, ukiukataa usiku utakufuata mchana. Ulimfuata Popo mpaka mbele ya tanuri. Siku moja alisinzia amesimama, ameushika mti wa kutolea mikate, na trei nzima ikatoka nyeusi. Msimamizi alimwambia kwa upole kwamba trei moja inasameheka, zikiwa mbili tutaongea.

Habari zilimfikia shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye moyo mkubwa na begi kubwa zaidi. Alikuwa anauza virutubisho na dawa za asili nyumba kwa nyumba, na hakuna ugonjwa aliowahi kuukosea dawa. Alifungua begi mezani akaanza kupanga. Chai ya maua ya kamomili, hii inatuliza roho. Mzizi wa valeriani, harufu yake ni ya soksi ya mwanajeshi lakini shemeji usijali, ziba pua. Vidonge vya magnesiamu, hivi vinalegeza misuli. Na mwisho akatoa kichupa kidogo kama mtu anayetoa pete: melatonini, ambayo alisema hata walioko ughaibuni hawalali bila hiyo.

Mke alitaka kujua kipi kitangulie. Shemeji akasema chochote ambacho roho inapenda.

Roho ya Popo ilipenda vyote. Usimcheke sana, maana aliwaza kama mwokaji. Unga ukikataa kuumuka unafanya nini? Unaongeza hamira, unaweka mahali pa joto, unafunika. Basi yeye alimeza vidonge, na alipoona amekaa kitandani muda mrefu hakijatokea kitu, akaongeza vingine. Akanywa chai. Akaziba pua akanywa na ile ya soksi. Kisha akafunga madirisha, akakaza kamba za magunia, akajifunika blanketi mpaka kichwani, akangoja kuumuka. Mkewe alijaribu kumwambia kwamba chumba kimekuwa tanuri. Popo alimjibu kutoka ndani ya blanketi kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Usingizi ulikuja kweli, lakini ulikuja karibu na alfajiri, na ulipofika haukutaka kuondoka. Alikwenda kazini akiwa ameubeba. Kichwa kilikuwa kizito, miguu ilikuwa ya mtu mwingine, na katikati ya kukanda aliota yuko baharini. Pengine ndiyo maana alitia chumvi mara mbili. Kabla ya saa sita mchana wenye maduka walikuwa wamerudisha mikate. Msimamizi alikata kipande akakitafuna taratibu, akanywa maji, akanywa maji tena.

"Popo," alisema, "wewe ni mwokaji wangu bora na sitaki kukupoteza. Lakini Jumatatu napanga zamu za moja kwa moja. Ukija hivi, nakurudisha usiku."

Popo alirudi nyumbani amenyong'onyea. Hakuogopa zamu ya usiku yenyewe, alikuwa ameizoea. Alichoogopa ni kurudi mlangoni. Wiki hizi chache, hata akiwa hoi, alikuwa amekaa meza moja na mkewe kila jioni, akajua kwamba anapuliza chai mara nyingi kabla ya kuinywa, kwamba akisimulia mambo ya wateja anaigiza sauti zao, kwamba anaimba akiosha vyombo na hajui maneno. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka yote hiyo na sasa ndiyo kwanza anamfahamu. Alimpenda upya, na ilimuuma kwamba angemkosa kwa sababu ya kitu cha kijinga kama kushindwa kulala.

Mkewe hakuwa mtu wa kulia juu ya nguo iliyochanika. Alimshika mkono akampeleka duka la dawa, na vichupa vyote vya shemeji akavitia kwenye mfuko.

Mfamasia alikuwa mama wa makamo aliyeweka miwani juu ya kichwa na kuitafuta mezani. Alivimimina vichupa kaunta, akavisoma kimoja kimoja, akamwuliza Popo kama ana dawa nyingine yoyote anayotumia, ya presha, ya sukari, ya chochote. Popo akasema hana, ila mafuta ya kuchua mgongo. Akamwuliza kama kuna ugonjwa unaomsumbua. Akasema ni huu wa kuitwa Popo tu. Akaulizwa kidonge cha melatonini anakimeza saa ngapi.

"Nikishashindwa kulala," alijibu Popo. "Kikichelewa naongeza."

Mfamasia aliikuta miwani yake, akaivaa ili amwone vizuri mtu huyu. Kisha akamweleza taratibu. Melatonini si ngumi ya kumpiga mtu akaanguka. Mwili wenyewe huitengeneza giza likiingia, na kazi yake ni kupeleka habari ndani kwamba usiku umefika, watu waanze kufunga kazi. Kidonge kinasaidia kupeleka habari hiyo kwa mtu ambaye saa yake ya ndani imekaa vibaya, kama mtu aliyekesha miaka. Lakini habari haina maana ikifika baada ya mambo kuharibika, na kuipeleka mara nne hakuifanyi iwe ya kweli zaidi. Kimoja kidogo kinatosha, saa moja au mbili kabla ya kulala, na taa kali zizimwe. Tena kwa muda mfupi, na hali isipobadilika amwone daktari. Hiyo ya valeriani aiache, asichanganye mambo. Magnesiamu hana haja nayo kama anakula vizuri. Chai ya kamomili anywe kama anaipenda.

Popo alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Kumbe," alisema, "nilikuwa natia hamira mkate uko tanurini."

Mfamasia alicheka, akasema yeye mikate anaijua upande wa kula tu, lakini inaonekana ni hivyohivyo. Kisha akaongeza kwamba jioni ni nusu ya dawa na nusu nyingine ni asubuhi. Saa ya mwili inajipanga kwa mwanga. Akamwuliza Popo, asubuhi anapoamka, dirishani kwake anaona nini.

"Giza," alisema Popo.

"Hata jua likiwa limetoka?"

"Kuna magunia."

Alipolitamka neno hilo aligeuka akamtazama mkewe, na mkewe alikuwa keshamtazama yeye. Ukitaka kujua jinsi watu wawili wenye akili timamu wanavyoweza kuwa wajinga kwa pamoja, ungewaona pale kaunta. Wiki zote hizo walihangaika kumfundisha mtu kulala usiku, na chumba chao bado kilikuwa kinamdanganya kwamba hakuna mchana. Magunia yalikuwa yamekaa dirishani muda mrefu hata yakageuka ukuta. Na kwa kuwa Popo alitoroka nyumbani alfajiri na kushinda ndani ya kiwanda mbele ya tanuri, yeye na jua hawakuwa wamekutana kwa wiki kadhaa. Mke ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, na mfamasia, asiyejua magunia gani, akacheka naye.

Walipofika nyumbani mke alichukua mkasi. Popo akasimama kati yake na dirisha. Alikuwa na kigugumizi ambacho kwa kawaida hakuwa nacho. Alimwambia labda wayafungue kidogo tu, upande mmoja, kwa sababu magunia haya alimshonea walipokuwa bado wageni wao kwa wao, na bitana ile, na zile kingo alizozipinda kwa mkono. Hajawahi kupewa kitu kizuri zaidi, na asingependa kionekane kama takataka.

Mke aliushusha mkasi akamwangalia mume wake huyu mzima mwenye unga masikioni.

"Niliyashona ili ulale," alisema. "Na leo nayatoa ili ulale. Sogea."

Akasogea. Kamba zilikatwa, magunia yakaanguka, vumbi la miaka likapaa, wote wawili wakapiga chafya. Mwanga wa alasiri uliingia mpaka uvunguni, na waligundua kwamba ukuta wa chumba chao ulikuwa wa kijani. Popo alikuwa na hakika kwamba ulikuwa mweupe. Magunia yenyewe mke aliyafua, na baadaye akayageuza aproni mbili, moja ya Popo na nyingine ya msimamizi, kama rushwa ndogo ya nguo.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Jioni alimeza kidonge kimoja kabla hawajamaliza kuongea, wakazima taa ya sebuleni wakabaki na ile ndogo, akanywa kamomili kwa sababu aliipenda kweli, na bado alichelewa kulala. Lakini alikaa kitandani. Hakutoroka. Asubuhi jua lilimgonga usoni, akalitukana, akatoka nje akanywa chai amesimama uani, macho yamefinywa. Kazini aliomba ahamishiwe meza ya kukandia iliyo karibu na dirisha. Siku iliyofuata usingizi ulimjia mapema kidogo, ukamtoroka, ukarudi. Kisha ukaanza kukaa. Mikate ikarudi kuwa mikate. Shemeji alipita kuuliza dawa yake ipi imefanya kazi, akaambiwa ni ile ndogo, na akaenda mtaa mzima akitangaza kwamba ni ile ndogo, pamoja na maelezo ya mfamasia ya wakati wa kumeza, aliyoyatia chumvi kidogo tu.

Jumamosi msimamizi alikata mkate, akaunusa, akatafuna, hakunywa maji. Akamwambia Popo kwamba Jumatatu aje na macho yaleyale.

Jumapili jioni waliongea sana. Binti alipiga simu, akataka kujua kama wazazi wake wamepata nafasi ya kugombana sasa, wakamwambia wamegombana kuhusu rangi ya ukuta. Baada ya hapo kukawa na kicheko kingine na kingine, na katika mambo hayo Popo alisahau kidonge chake mezani. Hakukikumbuka mpaka alipofumbua macho, na alipofumbua macho kulikuwa kumekucha.

Kwanza alishtuka, akadhani kuna kitu kinaungua. Kisha akaelewa kwamba ni jua. Alikuwa amelala usiku mzima, kipande kimoja, kama watu. Alijinyoosha mpaka mifupa ikalia. Akageuka amwambie mkewe.

Mkewe alikuwa amelala. Kiganja chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, unywele mmoja umelala kwenye pua na unapanda na kushuka anavyopumua. Mwanga ulikuwa umemjaa usoni. Popo hakuwahi kumwona hivi. Miaka yote alimwona amevaa viatu, au alimsikia tu gizani. Akakaa palepale anamtazama, hana haraka, mtu aliyepewa kitu asichokiomba kwa sababu hakujua kipo.

Mke alifumbua macho, akatazama dirisha, akakurupuka.

"Mbona hukuniamsha? Nimechelewa."

"Hujawahi kuchelewa. Leo imekuwaje?"

Mke alijirudisha kwenye mto. Alisema polepole, akiangalia ukuta wa kijani, kwamba jana alisubiri kama kawaida. Popo akauliza anasubiri nini. Akasema:

"Nikusikie unalala. Wewe unadhani mimi nilikuwa nalala? Ulipokuwa zamu ya usiku nililala jicho moja wazi mpaka nisikie lango asubuhi. Na ulipoanza mchana nikawa natulia tu, nisikuongezee mawazo. Jana ukakoroma. Ulikoroma vibaya sana, baba. Nikasema basi, sasa na mimi naweza."

Popo alikuwa amemwonea wivu miaka yote, kumbe walikuwa wanakesha wote wawili, kila mmoja akinyata ili asimwamshe mwenzake. Alimshika mkono, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kazi.

Nafasi ya mchana aliipata, nakuambia mapema usije ukakaa roho juu. Lakini asubuhi ile walikuwa hawajajua, na walivaa mbiombio, wakagongana bafuni, wakagombania kioo, wakanywa chai ya moto wakiwa wamesimama. Walifika mlangoni kwa pamoja na mlango ukawa mwembamba, maana ulizoea mmoja akitoka na mmoja akiingia. Wakapita ubavu, mkoba wa mke ukiwa umenasa kwenye kitasa.

Nje, mke alifunga, akachomoa ufunguo, na mkono wake ukafanya ulivyozoea. Ukamtia Popo ufunguo kiganjani. Na kiganja cha Popo nacho kikafunguka chenyewe, kikaupokea. Kisha wakabaki wamesimama pale barazani wanatazamana, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuingia ndani.

"Sasa huu unakaa na nani?" aliuliza mke.

Popo alicheka, akautia ufunguo mfukoni, akaushika mkoba wa mkewe, wakashuka ngazi.

"Tutarudi wote," alisema.